Tezi, Huzuni na Kutetemeka: Maneno Matatu Yanayoficha Magonjwa Matatu

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa wafasiri wetu kwamba istilahi ya tiba huwa njema ikiwa mwananchi wa kawaida ataielewa mara tu aisikiapo. Dhana hii ina heshima yake, kwani imezaliwa na nia ya kumwondolea mgonjwa ukuta wa lugha ngeni. Lakini kuelewa mara moja si sawa na kuelewa sawasawa. Neno linaloeleweka upesi aghalabu ni neno ambalo tayari lina kazi nyingine, na likipewa kazi ya pili huendelea kuifanya ile ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuichunguza hatari hiyo kwa kutazama eneo moja dogo la tiba, yaani matatizo ya tezi iliyoko kooni pamoja na ugonjwa wa sonona, yanapompata mtu ambaye tayari anaugua ugonjwa wa Parkinson.

Nimelichagua eneo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiofisi. Si muda mrefu uliopita ililetwa mezani kwangu rasimu ya kijitabu cha mafunzo kwa wauguzi na jamaa za wagonjwa, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili nitoe maoni juu ya istilahi zake. Sitawataja waliohusika, kwa kuwa makosa yao ni makosa yetu sote, na mojawapo, kama nitakavyokiri hapa chini, ni langu mwenyewe. Sababu ya pili ni ya nyumbani, nayo nitaieleza mahali pake.

1. Wagonjwa watatu katika baraza moja

Yafaa tuyajue magonjwa yenyewe kabla ya kuyapima maneno. Ugonjwa wa Parkinson umepewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeandika habari zake mwaka 1817. Chanzo chake ni kufa kidogo kidogo kwa seli za ubongo zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini, ambayo ikipungua miondoko ya mwili hupoteza wepesi wake. Dalili zake zijulikanazo zaidi ni kutetemeka kwa kiungo kikiwa kimetulia, kukakamaa kwa misuli, kukawia kwa miondoko na, ugonjwa ukiendelea, kuyumba wakati wa kusimama au kugeuka.

Lakini ugonjwa huu hauishii kwenye viungo. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wake hupatwa na dalili za sonona zinazostahili kushughulikiwa na tabibu, na pengine sonona hutangulia kwa miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hali hiyo si majonzi tu ya mtu aliyepokea habari mbaya. Mabadiliko yale yale yanayotokea katika ubongo yana sehemu yake katika kuileta.

Ama tezi iliyoko mbele ya koo, hiyo hutoa homoni zinazoongoza kasi ya kazi za mwili. Homoni hizo zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo: mtu huchoka, huona baridi, hufunga choo, ngozi yake hukauka, sauti hukwaruza, fikra hukawia na nafsi hukosa raha. Zikizidi, mambo hugeuka: moyo huenda mbio, mtu hukonda ingawa anakula, wasiwasi humzidi na mikono hutetemeka. Matatizo haya huwapata sana wanawake na watu wenye umri mkubwa, kwa hiyo si ajabu kumkuta mtu mmoja amebeba magonjwa mawili, au yote matatu, kwa wakati mmoja.

Sasa msomaji awaketishe wazee watatu katika baraza moja. Wa kwanza ana ugonjwa wa Parkinson, wa pili ana sonona, wa tatu amepungukiwa na homoni za tezi ya koo. Wote watatu ni wakimya. Wote hunyanyuka polepole, sauti zao ni hafifu, nyuso zao hazionyeshi kicheko, na hakuna anayetaka kutoka kwenda msikitini, kanisani wala sokoni. Mpita njia atasema ni uzee. Jamaa za yule wa kwanza watasema ni ugonjwa wake uleule, hata kama ameongezewa mwingine. Macho peke yake hayawezi kuwatenganisha watu hawa. Kinachoweza kuwatenganisha ni kipimo cha damu pamoja na maswali ya tabibu. Maswali ya tabibu ni maneno, na hapa ndipo kazi yetu inapoanza.

2. Kutetemeka

Rasimu niliyoitaja inauita ugonjwa wa Parkinson "ugonjwa wa kutetemeka", na mahali pamoja "kupooza kwa kutetemeka". Jina la kwanza lina kasoro mbili zinazovutana. Linawaacha nje baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, kwa sababu si wote wanaotetemeka. Wapo ambao ugonjwa wao ni wa kukakamaa na kukawia tu. Papo hapo linawaingiza ndani watu wasiohusika: mwenye homoni nyingi za tezi hutetemeka, mwenye homa hutetemeka, mwenye hofu hutetemeka, na wapo wazee wengi ambao mikono yao hutetemeka kwa sababu nyingine kabisa. Jina ambalo halimkamati mwenyewe na linawakamata wengine si istilahi, ni mtego uliotegwa njia isiyo yake.

Jina la pili lina madhara zaidi. "Kupooza" katika Kiswahili cha leo ni matokeo ya kiharusi. Mtu akiambiwa baba yake ana "kupooza kwa kutetemeka", atasubiri upande mmoja wa mwili ufe, na usipokufa ataona tabibu amekosea. Jambo la kusikitisha ni kwamba kosa hili lilikwisha kusahihishwa zamani huko Ulaya. James Parkinson mwenyewe alitumia jina lenye maana ya kupooza kwa kutetemeka. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Jean-Martin Charcot wa Paris alilikataa jina hilo kwa hoja kwamba wagonjwa hawa hawakupooza na kwamba baadhi yao hawatetemeki, akapendelea ugonjwa uitwe kwa jina la aliyeueleza. Wafasiri wetu, pasipo kujua, wanahamia katika nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama.

Wapo watakaosema kwamba jina la Mzungu ni zito mdomoni mwa mtu wa kijijini. Nakubali kuwa ni zito. Lakini jina la mtu lina fadhila moja kubwa: halina maana nyingine ya kumpotosha msikilizaji. Asiyelijua atauliza, na akiuliza ataelezwa. Anayesikia "kutetemeka" hataulizi, kwa kuwa anadhani amekwisha kujua.

Suala hili si la wasomi kuchezea maneno. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na walio wengi miongoni mwao hawakuwa wametambuliwa na tabibu kabla ya hapo. Mtu ambaye ugonjwa wake hauna jina hana dawa anayoweza kuiulizia.

Kuna na kosa dogo ambalo ni rahisi kulipita. Maelezo ya asili yalisema kwamba mkono wa mgonjwa hutetemeka "ukiwa umetulia". Mfasiri ameyaacha maneno hayo, labda kwa kuona kuwa ni kinyume cha akili: kitu kilichotulia kinatetemekaje? Kumbe kinyume hicho ndicho alama yenyewe. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson hutetemeka hasa ukiwa umelazwa mapajani, na aghalabu hupungua anaponyosha kushika kikombe. Mkono wa mwenye homoni nyingi za tezi hutetemeka kwa mtetemo mdogo wa haraka anapounyosha mbele. Maneno yaliyoachwa ndiyo yaliyokuwa yakiyatenganisha magonjwa mawili.

3. Huzuni

Hapa ndipo penye kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia hojaji fupi ya wagonjwa wazee. Swali mojawapo lilihusu sonona, nalo lilikuwa limefasiriwa hivi: "Je, una huzuni?" Nililipitisha. Nilisema moyoni mwangu kwamba neno ni la Kiswahili safi, kila mtu analijua, na halihitaji maelezo.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu aliyeko Pangani. Ugonjwa wa Parkinson ulitambuliwa kwake akiwa na umri wa miaka 66. Kwa muda alijimudu vizuri kwa dawa, kisha akaanza kubadilika. Aliacha kwenda kucheza bao. Aliacha kunyoa ndevu mpaka akumbushwe. Alilala mchana, na akiamka alikaa kimya. Muuguzi mmoja alimjia na hojaji isiyokuwa mbali na ile niliyoipitisha, akamwuliza kama ana huzuni. Mjomba akamjibu, "La, mwanangu. Nimesomesha, nimeoza, nina wajukuu. Huzuni ya nini? Alhamdulillahi." Muuguzi akaandika kwamba hana.

Jibu la mjomba lilikuwa la kweli. Huzuni katika Kiswahili ina sababu. Mtu ana huzuni ya msiba, ya kuachwa, ya kupotelewa. Mwenye huzuni huulizwa amepatwa na nini, na asiyeweza kutaja kilichompata hana haki ya kuwa nayo. Tena, mzee mcha Mungu akikiri huzuni pasipo msiba huona kama anamkufuru Mola kwa neema alizompa. Kwa hiyo swali lile halikuuliza habari ya ugonjwa. Lilimwuliza mzee kama ana shukrani, naye akajibu kwamba anayo.

Kosa hili lina madhara zaidi kwa mgonjwa wa Parkinson kuliko kwa wengine. Sonona inayofuatana na ugonjwa huu mara nyingi haina kilio wala kujilaumu kwingi. Hujionyesha kwa kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendwa, kwa wasiwasi, kwa hasira za ghafla na kwa kujitenga. Swali ambalo lingemgusa mjomba ni jepesi: "Je, mambo uliyokuwa ukiyapenda bado yanakupa raha?" Angefikiria bao, na angenyamaza.

Basi tuliite nini? Maneno yanayogombea nafasi hii ni mengi, na kila moja lina madai yake. "Msongo wa mawazo" limeenea katika magazeti na redio, lakini linafaa zaidi kwa shinikizo la maisha, kama vile madeni au mitihani, ambalo huondoka sababu ikiondoka. "Mfadhaiko", linalopendwa na ndugu zetu wa Kenya, lina nguvu ya kuonyesha kuvurugika kwa nafsi, ila linaelekea kwenye fazaa na mahangaiko, ilhali mgonjwa wetu huenda ametulia kupita kiasi. "Unyogovu" limeingia katika tafsiri nyingi za siku hizi, lakini ni neno ambalo wengi hulikuta karatasini kabla hawajalisikia likisemwa na mtu.

Mimi naunga mkono "sonona", ambalo wataalamu wengi wa afya ya akili nchini Tanzania wamekwisha kulizoea. Sidai kwamba halina ila. Kitenzi "kusonona" kina maana ya kuumia moyoni, na kwa hiyo kipo jirani na huzuni. Lakini si neno la kila siku, wala halihitaji sababu baada yake. Hakuna anayeuliza "sonona ya nini?" kama anavyouliza "huzuni ya nini?" Neno la namna hiyo linaweza kuwekewa mipaka na likaitii. "Huzuni" limekwisha kuwa na mwenyewe, na kulipokonya haiwezekani.

4. Tezi

Katika lugha ya mabaharia wetu, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni ya mbele. Ndiyo maana wahenga wakasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika lugha ya tiba, tezi ni kiungo kitoacho majimaji au homoni. Maana hizi mbili zimeishi pamoja bila ugomvi, kwa kuwa hakuna mtu atakayekwenda hospitali kutibiwa nyuma ya jahazi. Neno lenye maana mbili zilizo mbali halimpotezi mtu. Hupoteza pale maana hizo zinapokaa chumba kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyo leo. Kwa sababu ya kampeni za afya za miaka ya karibuni, jina "tezi dume" limejulikana mno, na watu wamelifupisha. Mwanamume mzee akisema "nina tezi", kila mtu anafahamu kwamba ana taabu ya mkojo. Wakati huohuo rasimu yetu inasema, katika sura ya vipimo, kwamba mgonjwa wa Parkinson anayezidi kuchoka na kunyamaza afanyiwe "kipimo cha tezi". Mfasiri alikusudia tezi ya koo. Msomaji atafahamu tezi dume.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeyaona. Baada ya hojaji kutoonyesha neno, tabibu mmoja aliyemwona mjomba alishuku upungufu wa homoni za tezi ya koo, akamwandikia karatasi ya kwenda maabara. Katika karatasi palikuwa na maneno hayohayo, "kipimo cha tezi". Mjomba akaikunja, akaitia mfukoni, wala hakwenda. Alikuwa amesikia barazani jinsi wazee wanavyopimwa tezi dume kwa kidole, na hakuwa tayari. Nilipokwenda kumwamkia na kumdodosa, alinijibu kwa upole uleule aliokuwa akitumia darasani: "Mpwa wangu, haja ndogo naipata bila taabu. Kwa nini nifedheheshwe uzeeni?" Nami, mtu wa istilahi, sikung'amua. Nilidhani tabibu ameona jambo ambalo mjomba analificha, nikamsihi avumilie.

Miezi mitano ikapita. Binti yake ndiye aliyerudi kwa tabibu kuuliza, naye tabibu badala ya kujibu kwa neno alishika koo lake mwenyewe kwa vidole viwili. Mambo yakaisha hapo. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kutoa damu kidogo mkononi. Kilionyesha upungufu mkubwa wa homoni. Mzee alikuwa amekaa gizani miezi mitano kwa ajili ya neno moja ambalo mimi na wenzangu tumelipa mshahara bila kulisimamia.

Je, tezi hii tuiite nini? Waandishi wengine husema "tezi ya koo" au "tezi ya shingo". Majina haya yanatosha katika mazungumzo, kwa kuwa yanaonyesha mahali, na kwa mzee wa Pangani yangeokoa miezi mitano. Lakini shingoni mna tezi nyingine pia, zikiwamo zile zinazovimba mtu anapopata maambukizi ya koo, kwa hiyo hayatoshi katika maandishi ya kitaalamu. Baadhi ya waandishi wa elimu ya viumbe wametumia "dundumio". Ni neno zuri la kienyeji, na ningependa lishike. Tatizo ni kwamba katika zahanati zetu "thairoidi" ndilo linalotamkwa na matabibu na kuandikwa na maabara. Ushauri wangu ni "tezi ya thairoidi" katika maandishi ya tiba, na "tezi dundumio" lipewe nafasi katika vitabu vya shule, likifuatwa na jina lile la kwanza, mpaka watoto wa leo wawe matabibu.

Kuhusu "rovu", neno hili lihifadhiwe kwa maana yake ya asili, yaani uvimbe wa tezi hiyo unaoonekana shingoni. Rasimu imelitumia kwa ugonjwa wowote wa tezi, na hilo ni kosa. Rovu linafahamika tangu zamani katika sehemu zenye upungufu wa madini joto, na jina hili "madini joto" lenyewe ni ushahidi kwamba istilahi njema inaweza kuenea mpaka kwenye pakiti ya chumvi. Lakini si kila mwenye upungufu wa homoni ana rovu, wala si kila mwenye rovu ana upungufu. Upo ugonjwa ulioelezwa na tabibu wa Japani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912, ambamo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, na mgonjwa anaweza kupungukiwa na homoni bila shingo yake kuonyesha uvimbe wowote. Tukisema "rovu" kwa yote, mjomba angetazama shingo yake kwenye kioo, asione kitu, na akaikunja karatasi kwa mara ya pili.

5. Maneno madogo

Mbali na maneno hayo makuu, rasimu ina maneno madogo ambayo madhara yake si madogo. Nitataja matatu.

La kwanza ni "uzito". Katika ukurasa mmoja limetumika kwa maana ya mwili kuwa mzito katika miondoko, na katika ukurasa wa pili kwa maana ya kilo. Kwa kawaida muktadha ungetosha. Lakini mwenye upungufu wa homoni za thairoidi hupatwa na mambo yote mawili: miondoko yake hukawia na kilo zake huongezeka. Muuguzi akiandika "mgonjwa ana uzito", ameandika nini? Napendekeza "ukawiaji wa miondoko" kwa jambo la kwanza, na "kuongezeka kilo" kwa la pili.

La pili ni "uso mkavu". Mfasiri alitaka kueleza uso ambao misuli yake haichezi, hata mtu akifurahi hauonyeshi. Lakini katika Kiswahili ukavu wa uso au wa macho ni ufidhuli. Mkavu wa macho ni mtu asiye na haya. Kumwandikia mzee mstaarabu kwamba ana uso mkavu ni kumtukana ndani ya faili lake. Wengine wamependekeza "uso wa kinyago", nalo ni tusi la aina nyingine. Tuseme kwa urefu bila kuona haya: "uso usioonyesha hisia". Si kila dhana lazima ipate neno moja.

La tatu ni la hatari zaidi. Dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, ni levodopa. Dawa ya upungufu wa homoni za thairoidi ni levothairoksini. Rasimu, kwa kutafuta wepesi, imeziita zote mbili "levo" katika jedwali la saa za kumeza dawa. Silabi hizo ni za asili ya Kilatini na zina maana ya kushoto. Hueleza umbo la molekuli, wala hazielezi kazi ya dawa. Levodopa kwa kawaida humezwa mara kadhaa kwa siku kwa saa maalumu. Levothairoksini humezwa mara moja, tumbo likiwa tupu. Mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili, akisoma jedwali lile, anaweza kumeza homoni mara tatu au nne kwa siku, na moyo wake ukaenda mbio mpaka ukamshinda. Tena maneno "tumbo likiwa tupu" yamefasiriwa "kabla ya kula", na mtu aliyekunywa chai na maandazi saa moja, akameza kidonge saa nne, ataapa kwamba amemeza kabla ya kula, yaani kabla ya chakula cha mchana. Majina ya dawa yasifupishwe kamwe.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, naleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji:

(a) "Ugonjwa wa Parkinson" lishike mahali pa "ugonjwa wa kutetemeka" na "kupooza kwa kutetemeka".

(b) "Sonona" litumike kwa ugonjwa, na "huzuni" libaki kwa hisia. Katika hojaji, jina la ugonjwa lisiulizwe. Ziulizwe dalili zake, moja moja.

(c) "Tezi" lisisimame peke yake katika maandishi yoyote ya tiba. Liandikwe "tezi ya thairoidi" au "tezi dume", hata kama sentensi itarefuka.

(d) "Upungufu wa homoni za thairoidi" na "uzidifu wa homoni za thairoidi" yawe majina ya hali hizo mbili, na "rovu" liwe jina la uvimbe tu.

(e) Kila tafsiri ya aina hii isomwe kwa sauti mbele ya wazee wawili au watatu kabla ya kupitishwa, nao waulizwe wamesikia nini. Wasiulizwe kama wameelewa, kwa kuwa watajibu ndiyo.

Pendekezo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Sisi tukaao na makamusi tunajua neno lina maana gani. Hatujui litasikika vipi kwa mtu aliyeketi ukumbini akingojea kuitwa, karatasi ikiwa mkononi.

Mjomba bado mkono wake unatetemeka, na utaendelea kutetemeka, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa Parkinson na hauna tiba ya kuumaliza. Lakini baada ya miezi michache ya kumeza homoni aliacha kuona baridi, usingizi wa mchana ukapungua, na sauti yake ikarudi kiasi cha kumkaripia mjukuu. Sehemu fulani ya ukimya wake ilibaki, nayo ikatibiwa kwa jina lake. Magonjwa yake yalikuwa matatu tangu mwanzo. Sisi tulikuwa tumempa maneno ya ugonjwa mmoja.

Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa walimu wa sayansi na watumishi wa afya wa mikoani, wanaombwa wazilete kwa Mhariri pamoja na mifano ya matumizi yake.